UZI: Nilivyojenga msingi wa Pilates ya mashine (rifoma) kwenye kikundi cha watu watano

#1 Fundi wa Ilala

Wakuu habari zenu, na wakubwa wote shikamooni.

Kwenye ule uzi wa maumivu ya mgongo niligusia kwamba rifoma ndiyo iliyonirudisha kwenye cherehani. Toka siku ile PM haziishi. Nimeona niandike hapa kwa urefu, anayetaka kuuliza aulize, nitakuwa najibu jioni nikishafunga fremu.

Mimi ni fundi nguo, umri miaka 43, watoto wawili. Nashona huu mwaka wa 19. Kinachoniuma ni mgongo wa chini upande wa kulia, na unazidi misimu miwili: sare za shule Desemba hadi Januari, na wiki mbili kabla ya Idi. Hospitali walinipiga picha, wakasema hakuna cha kupasua. Nikapelekwa fiziotherapia, nikapata nafuu, nikarudi kushona saa kumi kwa siku, ukarudi. Yule mtaalamu akaniambia dawa yangu ni nguvu za tumbo la ndani na nyonga iliyotulia, akanitajia Pilates, aina ya mazoezi ya kujenga nguvu hizo.

Kwa wasioijua mashine yenyewe: ni kama kitanda kirefu chembamba. Katikati kuna kigari chenye godoro, kinateleza kwenye reli. Upande wa kichwani kuna vizuizi viwili vya mabega, upande wa miguuni kuna bomba la kukanyagia. Chini kuna springi zinazounganisha kigari na kiunzi, na zetu ziko 5: nyekundu 3, bluu 1, njano 1, nyekundu ndiyo nzito na njano ndiyo nyepesi kabisa. (Rangi hutegemea kampuni iliyotengeneza, ukihamia studio nyingine uliza upya.) Halafu kuna kamba mbili zinazopita kwenye kapi, kama kapi za jahazi, na mwisho wa kamba kuna vitanzi vya kutia mkono au mguu. Ukisukuma bomba kigari kinaondoka na springi zinavutika. Kusukuma kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kurudi, kigari kifike nyumbani bila kugonga.

Sasa nilivyoanza vibaya. Niliingia darasa lililoandikwa "ngazi zote", mashine 12, muziki juu, mwalimu mmoja mbele. Mazoezi yanabadilika kabla hujajua ulikuwa unafanya nini. Wiki ya pili tukapanda planki: mikono kwenye bomba, miguu imekita kwenye vizuizi vya mabega, mwili umenyooka. Mwalimu akasema anayetaka zaidi atoe nyekundu moja. Mimi nikasema kichwani, kutoa ni kupunguza, ngoja nipumzike. Nikatoa. Kigari kikanitoka chini ya miguu, kiuno kikabonyea, mgongo ukakamata palepale. Siku tatu sikukaa kwenye cherehani, na gauni la bibi harusi liko kwenye meza halijatiwa hata kola.

Jina la studio siliandiki wala simsemi mwalimu, maana mtu mmoja hawezi kuona migongo kumi na miwili kwa wakati mmoja. Lakini siku hiyo ndiyo nilijua sijui chochote kuhusu springi. Nilikuwa nadhani ni kama vyuma vya gym, nyingi nzito, chache nyepesi, basi. Sivyo. Ukilala chali unasukuma bomba kwa miguu, springi nyingi ni kazi kubwa kwa mapaja. Ukiwa kwenye planki, springi ndizo zinazokushikia kigari, ukizipunguza tumbo lako ndilo linabaki kukishika peke yake. Springi nyepesi hapo ndiyo ngumu. Mafundi wenzangu watanielewa: ni kama kukaza uzi kwenye mashine. Hakuna namba moja ya kukaza inayofaa shifoni na jinzi.

Baada ya hapo nilikaa miezi minne sijagusa. Nilirudi kupitia studio nyingine ndogo, mashine tano tu, kozi ya wanaoanza ya wiki 8, mara mbili kwa wiki, watu walewale watano mwanzo hadi mwisho. Nitaandika ilivyokwenda.

#2 mkeka_kwanza

Naweka kambi hapa. Swali la haraka tu dada, bei? Maana vitu vya Masaki tunavijua.

#3 Fundi wa Ilala

Mkuu, si rahisi, na sitaki kudanganya mtu. Nililipa kwa pesa ya mchezo, zamu yangu ilipofika nikaiweka yote huko. Nilipiga hesabu ya somo la peke yangu na mwalimu, likatoka zaidi ya mara mbili na nusu ya nafasi moja kwenye kikundi. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya kuchagua kikundi. Sababu nyingine nilizijua nikiwa ndani.

#4 Fundi wa Ilala

Naendelea.

Siku ya kwanza hatukufanya jasho lolote. Dakika kama ishirini tulijifunza kupanda na kushuka, kufunga springi na kufungua, kurefusha kamba, kushusha cha kuegemezea kichwa. Mmoja wetu, kijana wa benki, alionekana anachoka na maneno. Mwalimu akasema hatobadilisha springi za mtu, kila mmoja atabadilisha zake mwenyewe na aseme ameweka ngapi. Mpaka leo tunafanya hivyo.

Halafu pumzi. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanaporuka. Kwenye Pilates unavuta hewa kwa pua, unaipeleka mbavuni, pembeni na nyuma, tumbo likiwa halijatokeza kama puto. Unatoa kwa mdomo, mbavu zinafunga, na misuli ile unayobana ukijizuia mkojo inapanda kidogo, na chini ya kitovu panaingia ndani kidogo. Kidogo, siyo kujibana mpaka uso unabadilika. Mimi nilishindwa wiki nzima. Nikivuta, mabega yanapanda masikioni. Nilichofanya nyumbani, nilichukua futi yangu ya kupimia wateja nikaizungusha chini ya matiti. Nikitoa hewa yote inasoma sentimita 84. Nikavuta bila kunyanyua mabega, ikasogea 85. Nilikuwa nafanya kila jioni nikisubiri wali uive. Mwisho wa wiki ya tatu inasoma 87, na mabega yametulia. Yule mwalimu hakujua habari ya futi, lakini siku hiyo alipita nyuma yangu akasema "leo mgongo wako unapumua".

Zoezi lililochukua muda mrefu kuliko yote ni la miguu kwenye bomba. Umelala chali, springi tatu nyekundu, unakanyaga bomba kwa vidole huku visigino vimegusana na vidole vimefunguka kidogo, kisha katikati ya unyayo, kisha visigino, mwisho unanyoosha magoti na kushusha na kupandisha visigino kunyoosha nyuma ya mguu. Mara kumi kila moja. Darasa la kwanza lile la watu 12 tulikuwa tunalipita kama kupasha mwili joto tu. Huku tulilifanya kila kipindi, wiki zote nane.

Wiki ya pili mwalimu alisimama miguuni kwangu, hasemi kitu, anaangalia tu. Nikaenda mara ya nne, ya tano. Akainama akaweka vidole viwili chini ya kisigino changu cha kushoto. Akaniambia sukuma. Kila nikisukuma, kisigino kile kilikuwa kinashuka na kugusa vidole vyake, cha kulia kiko juu. Akauliza kazi yangu nini. Nikamwambia. Akauliza pedeli nakanyaga kwa mguu gani. Wa kulia, toka niache cherehani ya miguu miwili nikanunua ya umeme. Wa kushoto umelala tu pembeni, miaka na miaka.

Hapo nilinyamaza. Yaani picha na vipimo vyote, na nimekuja kuonyeshwa na vidole viwili chini ya kisigino. Mguu wa kulia unafanya kazi yote, nyonga inajipindua kuufuata, mgongo wa chini kulia ndio unaoshika mzigo. Sisemi ndiyo sababu pekee, mimi si daktari, ila nilipoanza kusukuma kwa miguu yote sawa nilihisi misuli ya tako la kushoto inatetemeka kama ya mtu aliyeamshwa usiku.

Jambo hilo kwenye watu 12 lisingeonekana. Na nikiwa peke yangu na mwalimu lingeonekana, lakini kuna kitu ningekosa: wenzangu. Mama mmoja mwalimu mstaafu alikuwa akirudisha kigari anakiacha kinagonga, gba, kila mara. Mwalimu akamrekebisha, akamwambia hesabu moja kwenda, hesabu tatu kurudi. Sisi wanne wote tukajikuta tunasikiliza vigari vyetu. Kuna siku studio ilikuwa kimya kabisa, vigari vitano vinarudi nyumbani havisikiki. Unajifunza kwa kosa la mwenzio bila kutajwa jina.

#5 Bint Muscat

Mashallah, umeeleza vizuri sana bibie. Mimi niko Muscat, huku studio za rifoma zimeongezeka na nyingi zina vipindi vya wanawake peke yao, hilo limenirahisishia. Nilifanya kama wewe, nikaanzia vipindi vya kasi. Mkono wangu ukaniuma kifundoni kwa sababu ya kubeba mwili sana kwa viganja kwenye bomba, nikaacha. Nimetamani kurudi lakini naogopa. Nitamjuaje mwalimu wa kweli? Kila mtu sasa ana cheti.

#6 dereva_T1

Samahani kuingilia. Hii kitu ni ya wanawake au hata sisi? Naendesha semi Dar mpaka Tunduma, mgongo wangu ukishuka kwenye gari ni wa mzee wa miaka 80.

#7 Fundi wa Ilala

Naanza na kaka dereva. Aliyeibuni alikuwa mwanaume, tena bondia. Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, mji wa Mönchengladbach, akakua na pumu na matege. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akazuiliwa kama raia wa nchi adui, akapelekwa mwisho kambi ya Knockaloe kwenye Kisiwa cha Man. Huko aliwafundisha mazoezi mahabusu wenzake, wanaume watupu. Inasimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wafanye mazoezi wakiwa wamelala, na ukiiona rifoma unaamini, maana mpaka leo ni kitanda. Mwaka 1926 akahamia New York, yeye na mwenzi wake Clara wakafungua studio Barabara ya Nane. Ni huko wacheza dansi walipoanza kumiminika, watu kama George Balanchine na Martha Graham wakimpelekea wachezaji wao, na nadhani ndipo sura ya kike ilipoanzia. Yeye mwenyewe mazoezi yake aliyaita Kontroloji. Kikundini kwetu yupo kaka mmoja anaendesha lori la mchanga. Nyonga zake zilikuwa zimekaza kiasi kwamba kuinua miguu yote miwili kwenye vitanzi alikuwa hawezi bila kiuno kunyanyuka kitandani. Mwalimu alimruhusu akunje magoti, wala hakumlazimisha anyooshe. Wiki ya sita alinyoosha.

Dada wa Muscat, swali lako zito. Jina Pilates halina mwenyewe. Oktoba 2000 mahakama ya Marekani huko New York iliamua kwamba ni jina la aina ya mazoezi, si alama ya biashara ya mtu. Kwa hiyo yeyote anaweza kuandika ubao "Pilates" nje ya mlango wake, na kozi za wikiendi moja zipo. Mafunzo kamili ya vifaa vyote huwa ya mamia ya saa, 450 hivi ni kiwango cha kawaida, ndani yake kuna kutazama, kufanya mwenyewe na kufundisha chini ya uangalizi. Mwulize tu bila haya: umesomea saa ngapi, ni mkeka peke yake au na rifoma? Wa kweli hakasiriki, anafurahi kuulizwa.

Ila mimi kipimo changu kikubwa ni kingine. Je, kabla hujalala kitandani amekuuliza unaumwa nini? Na akisema badilisha springi, anakwambia kwa nini? Kama ni "toa moja, haraka", ondoka. Kwa kifundo chako mwambie mapema. Wapo wanaokuwekea viwiko badala ya viganja, na pia yako mazoezi mengi ya mikono unayofanya umelala chali umeshika vitanzi, kifundo kimenyooka, hakibebi mwili.

#8 mkeka_kwanza

Dada sina ubaya, lakini nasema ninachokiamini. Mashine ya mamilioni kwa ajili ya kunyoosha mguu? Mazoezi hayahayo mtu anatandika mkeka sebuleni bure. Tusiwaaminishe watu wa Mbagala na Gongo la Mboto kwamba bila rifoma mgongo haupone.

#9 Fundi wa Ilala

Mkuu, hapo kwenye sentensi ya mwisho niko na wewe kabisa. Hata Joseph mwenyewe, kitabu alichokitoa 1945 kina mazoezi 34 na yote ni ya chini, mkekani. Mtu asiye na uwezo wa studio asijione amefungiwa mlango.

Ninapotofautiana na wewe ni hapa. Kwa anayeanza, mkeka ni mgumu kuliko mashine. Kwenye mkeka miguu ukiinyanyua unaibeba mwenyewe, uzito wake wote, na tumbo likiwa dhaifu kiuno ndicho kinachobeba. Kwenye rifoma miguu iko ndani ya vitanzi, springi zinaibeba nusu, unapata nafasi ya kusikia nyonga yako iko wapi. Ukishaisikia, unakwenda nayo mkekani. Mimi kabla ya rifoma nilikuwa nafanya mazoezi ya tumbo kwenye jamvi kwa miezi na nilikuwa nakaza shingo tu.

Kwa watu wa nyumbani, manne ambayo mwalimu alitupa tufanye siku zisizo za darasa: pumzi na futi au kanga iliyofungwa mbavuni. Daraja, yaani umelala chali magoti yamekunjwa, unanyanyua makalio pingili moja moja na kushusha pingili moja moja, kama unalaza mnyororo kwenye sakafu. La kunyanyua mguu mmoja ukiwa umekunja goti, kiuno kisitikisike. Na la kupiga magoti na viganja chini, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, halafu kinyume. Mara nane nane. Ukiona kiuno kinakubonyea, punguza, wala usiongeze.

#10 Nesi wa Zamu

Uzi mzuri, naomba niongeze upande wa hospitali maana nimeona watu wanauliza mgongo mgongo.

Mwaka 2015 ulitoka uchambuzi wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, uliokusanya majaribio 10 yenye watu 510 wa maumivu ya mgongo wa chini. Waliofanya Pilates walipata nafuu ya maumivu kuliko waliopewa huduma ndogo au kuachwa hivihivi, ingawa ubora wa ushahidi ulikuwa wa chini hadi wa kati. Walipolinganishwa na waliofanya mazoezi ya aina nyingine, haikuthibitika kwamba Pilates inazidi. Maana yake kama unapenda kutembea au kuogelea na mgongo wako unakubali, hujapoteza kitu. Fanya unaloweza kuliendeleza.

Waonwe na daktari kwanza: mwenye ganzi inayoshuka mguuni au mguu unaolegea, mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyetoka kwenye upasuaji, mjamzito. Ukiona ganzi sehemu za siri au unashindwa kuzuia haja, hiyo si ya kungoja kliniki, kimbia hospitali siku hiyohiyo. Mama zetu ambao mifupa imeshakuwa dhaifu wasifanye yale ya kukunja mgongo mbele kwa nguvu, hapo ndipo pingili zinapovunjika. Wanaweza kufanya mengi wakiwa wamelala au wamesimama mgongo mrefu, lakini mwalimu lazima ajue.

Na rifoma si ya kukimbiza moyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, mbali na siku mbili za kuimarisha misuli. Hii inaingia kwenye zile siku mbili. Kutembea kuko palepale.

#11 mama_kurwa

Mimi nina miezi minne toka nijifungue kwa upasuaji, mapacha. Tumbo katikati nikijiinua linatokeza kama mgongo wa samaki. Ninaweza kuja kwenye kikundi?

#12 Nesi wa Zamu

Hongera mama, mapacha si mchezo. Hicho unachokiona mara nyingi ni misuli ya tumbo iliyoachana wakati wa ujauzito na haijarudiana vizuri. Nenda ukapimwe kwanza, kidonda na hayo mapengo. Kwa sasa acha kabisa kujiinua moja kwa moja ukitoka kitandani, geukia ubavu usukume kwa mkono. Ukiruhusiwa mazoezi, anza na pumzi kama alivyoeleza dada Fundi, nayo peke yake ni kazi kwa mwili wako.

#13 Fundi wa Ilala

Nakazia ya nesi. Kikundini kwetu alikuja mama mwenye hali hiyohiyo, mwalimu hakumpa yale ya kunyanyua kichwa na mabega hata siku moja kwenye wiki nane. Sisi tukifanya la mia, lile la kupiga mikono juu chini ukivuta hewa hesabu tano na kutoa hesabu tano mpaka zitimie mia, yeye alifanya kichwa kimelala na miguu iko kwenye bomba. Hakuonekana wa nyuma. Na ndilo napenda kwenye kikundi kidogo, darasa moja lakini kila kitanda kina zoezi lake.

#14 dereva_T1

Dada, miezi mitano sasa, sema ukweli. Umepona?

#15 Fundi wa Ilala

Ukweli kaka, "nimepona" siyo neno langu bado. Wiki mbili kabla ya Idi uliniuma, siku mbili. Tofauti ni kwamba nilijua la kufanya. Nilishuka kitini, nikalala chini ya meza ya kukatia kitambaa, miguu juu ya kiti, nikapumua mbavuni dakika tano, nikafanya madaraja manane, nikarudi kazini. Zamani ingekuwa dawa ya maumivu na kulala.

Mengine niliyoyaona: robota la vitenge nalinyanyua mwenyewe, nachuchumaa kwanza, natoa pumzi wakati wa kunyanyua. Kwenye daladala nikisimama nasimama kwa miguu miwili. Pedeli nimeihamishia mguu wa kushoto kila siku mbadala, siku za mwanzo nilikuwa naharibu mshono, mstari unakwenda kama nyoka, sasa umenyooka. Uzito haujapungua hata kilo moja, na anayekuja kwa ajili ya uzito nisimfiche, aende na hesabu nyingine.

Kozi ilipoisha watatu kati yetu tuliomba kurudia. Ndiyo, tulirudia kozi ya wanaoanza ilivyo, kuanzia kupanda na kushuka. Mwalimu alishangaa. Mara ya pili ile planki iliyonivunja mgongo niliifanya, nyekundu moja na bluu moja, kigari kimetulia tuli. Wiki iliyofuata nilitoa bluu mwenyewe. Nilijua kwa nini naitoa, nilijua tumbo litapata kazi, nikaenda nusu ya safari tu, mara tatu, nikarudisha. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyepewa cheti.

#16 mkeka_kwanza

Nimesoma yote. Dada nimefanya ile ya pumzi na kanga kwa siku tisa, na daraja la pingili moja moja. Pingili zangu za katikati zinashuka zote kwa pamoja kama ubao, nimejishangaa. Mke wangu ananiambia nijaribu hiyo mashine hata mara moja. Siku ya kwanza mtu anakwenda vipi?

#17 Fundi wa Ilala

Karibu sana mkuu, umenifurahisha. Usile cha kushiba saa mbili kabla. Vaa nguo isiyo na zipu wala kifungo nyuma, zinachana godoro na zinakuumiza ukilala. Soksi zile zenye vidoti vya mpira chini, studio nyingi hazikubali uingie bila hizo. Bukta pana acha nyumbani, miguu ikiwa hewani haitakusitiri. Fika robo saa mapema umwambie mwalimu pingili zako zinavyoshuka, atajua pa kuanzia.

Springi zikiwa zinabadilishwa usiweke uzito kwenye kigari, na vidole visiwe kwenye reli. Ukipanda, kaa kwanza ukingoni, shika bomba, halafu angalia chini zimefungwa ngapi kabla hujalala. Kigari kisicho na springi kinakimbia, hakikungoji. Mimi mpaka leo nazihesabu kwa sauti, kaka wa lori amezoea, siku nikisahau ananihesabia yeye kutoka kitanda cha pili. Nyekundu moja, mbili, tatu. Ndiyo nalala.